Bitana za Maua Kwenye Baridi ya Kiabonyoru

Kabla ya kutoka Nyanchwa

Tangu turudi, kila rafiki anayeniona sokoni ananisimamisha kwa swali lile lile: ni kweli nilimpeleka Kwamboka kulala nje kule milimani Kiabonyoru, mwezi wa Julai, na hali yake ile? Wengine wanauliza kwa sauti ya polisi. Nimechoka kujibu vipande vipande nikiwa nimebeba mkungu wa ndizi, kwa hiyo nimekaa chini nikaandika yote. Mwenye swali baada ya hapa aje nyumbani na mandazi yake.

Kwanza niweke sawa jambo moja. Sikumpeleka. Yeye ndiye aliyenipeleka.

Kwa asiyetujua, Kwamboka ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, mtu mzima mwenye kibanda chake cha kutengeneza simu mjini Kisii. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Baridi ikimwingia, mifupa inaanza kumuuma, na maumivu yakishika kasi tunajikuta hospitalini, mama upande mmoja wa kitanda na mimi upande wa pili. Ndiyo maana tulimlea kama yai. Wenzake wa kanisani walipokwenda milimani kulala kwenye mahema, yeye alibaki nyumbani na soksi mbili mbili miguuni, akingoja warudi wamsimulie. Hadithi zile zilimkaa rohoni.

Mwaka huu akaona kwenye simu watu wa nchi za theluji wakilala nje bila wasiwasi. Siri yao, akaniambia, ni kitambaa chepesi kilichoshonwa kama mfuko mrefu. Unakiingiza ndani ya mfuko wa kulalia, kisha wewe unaingia ndani yake, na joto lako linabaki hapo hapo badala ya kutoroka.

"Kumbe ni bitana," nikasema. "Kama ya koti."

Jina likabaki hilo. Daktari wake hakukataa, ila alitoa masharti: asikae na kiu, asilowe, asijichoshe, na maumivu yakianza arudi mara moja. Mama naye hakukataa, na hapo ndipo nilipoogopa. Alinivuta kando jikoni akaniambia, "Moraa, nirudishie mtoto akiwa mzima." Kazi yangu ni kuoka keki za harusi, nimezoea kusafiri na roho mkononi nikiomba keki isianguke kwenye matuta. Siku ile niliona kwamba hofu ya keki ni mchezo tu.

Mjini Kisii: fundi anatupa pole

Tuliondoka nyumbani Nyanchwa Jumapili, tukapitia kwa Bi Zuhura, fundi cherehani wetu wa siku nyingi pale mjini. Tulidhani tutakaa kidogo tu.

"Tunataka bitana mbili, Bi Zuhura," nikasema.

"Za makoti?"

"La, za watu."

Alinitazama juu ya miwani. Kwamboka akaingilia kati kueleza kitaalamu: kitambaa cheupe cha pamba, urefu upite wa mtu kidogo, kishonwe ubavuni, kifungwe miguuni, juu kiachwe wazi. Alivyozidi kueleza ndivyo mguu wa Bi Zuhura ulivyozidi kupunguza mwendo kwenye cherehani, hadi ukasimama kabisa. Akavua miwani.

"Poleni sana, wanangu," akasema taratibu. "Ni nani aliyefariki?"

Kwamboka alicheka hadi akashika meza, na kicheko chake kikazidi kumtisha yule mama. "Halafu niwaambie," Bi Zuhura akaendelea, "kwetu sanda haishonwi hivyo. Mmedanganywa na nani?"

Tulipomweleza kwamba mwenye kulala humo ni Kwamboka mwenyewe, na kwamba anatarajia kuamka, Bi Zuhura aliapa. Hatamshonea mtu aliye hai mfuko mweupe wa urefu wake, hata tumlipe nini. Alisimama akapekua marobota yake, akatoa flaneli laini yenye maua ya waridi, ile wanayoshonea nguo za watoto wachanga.

"Hii ina joto. Tena haina mkosi."

"Nitaonekana kama mtoto wa kupelekwa kliniki," Kwamboka akalalamika.

"Afadhali huko," akajibu Bi Zuhura, na cherehani ikaanza kuimba.

Jua lilikuwa limeshapita utosini tulipotoka pale. Mimi nilibeba hema na mifuko miwili ya kulalia tuliyoazima kwa binamu yetu anayefanya kazi kwenye hoteli ya watalii. Kwamboka alibeba maji, dawa zake, na ndoo yangu ya plastiki yenye kifuniko, ile ninayowekea sukari ya keki. Ndani yake alikunja bitana zote mbili. Nilimwambia anajisumbua bure na ndoo. Akasema ndoo ni yangu lakini kichwa ni chake.

Tulipita Kiogoro kwa mwendo wa bibi harusi. Kila tulipofika kwenye kivuli nilimlazimisha anywe maji, na kila alipokunywa alinitazama vibaya. Watu waliokuwa wakirudi mashambani walitusalimu wakaikodolea macho ile ndoo. Mama mmoja alituuliza tunauza nini. Kwamboka akamjibu tunauza usingizi.

Birongo: makambi bila mhubiri

Tulifika Birongo jua likielekea kuzama, tukaingia kwenye boma la mjane mmoja, Mama Kerubo, kuomba nafasi ya hema kando ya migomba yake. Kwamboka alitaka kujaribu bitana hapo kwanza, kabla ya kupanda kwenye baridi yenyewe. Tuliongea Kikisii, kama tunavyoongea nyumbani, ila neno moja tulilitumia kama lilivyo kwa Kiswahili. Tulisema tumekuja kupiga kambi.

Uso wa Mama Kerubo uling'aa. "Makambi!" akasema, akapiga makofi. "Mbuya mono! Nilijua tu kuna siku yatakuja kwangu." Vizuri sana, ndiyo maana yake. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshavuka ua kwenda kwa jirani.

Kwa marafiki wasio Wasabato, nieleze. Kwetu makambi hayahusu hema wala mlima. Makambi ni mkutano mkubwa wa kanisa wa kila mwaka, siku nyingi za mahubiri, nyimbo, umati wa watu na sufuria kubwa za chakula. Mtu akisema amewaletea makambi, anamaanisha amewaletea mhubiri.

Sisi tulikuwa tunahangaika na kamba za hema tusijue kinachoendelea. Tulipoinua vichwa tukaona viti. Vijana wanateremsha fomu za kukalia kutoka kanisani, akina mama wanakuja na Biblia kwapani na vikapu mikononi, na kuna wazee wawili wameshakaa mbele kabisa. Mmoja akauliza kwa heshima zote, kwa Kiswahili, kwa sababu kwake mgeni huongeleshwa Kiswahili:

"Sasa mhubiri ni gani kati yenu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilianza kueleza, nikajikanyaga, nikataja slipingbegi, nikataja bitana, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nyuso zilivyonyong'onyea. Ndipo Kwamboka akasimama.

"Mimi si mhubiri. Mimi ni fundi wa simu," akasema. Kisha akawaambia habari zake zote. Aliwaambia jinsi mifupa inavyouma, na usichana wake ulivyokwisha akichungulia dirishani, na kwamba anakwenda Kiabonyoru kulala nje kama watu wengine. Sijawahi kumsikia akiyasema hayo mbele ya watu. Hata mbele yangu hakuwahi kuyasema yote. Nilijipa kazi ya kukunja kamba ya hema ili nisilie.

Yule mzee akakuna ndevu. "Lakini msichana wangu, kama hiyo baridi ni adui yako, unaenda kuitafuta ya nini?"

"Nimeikimbia tangu nizaliwe, tata. Nataka kukaa nayo usiku mmoja tuone nani atachoka kwanza."

Kisha Mama Kerubo akasema, "Huyu amehubiri. Tuimbe." Wakaimba, na wakamwombea kwa majina yake yote. Halafu vikapu vikafunguliwa: ugali wa wimbi, mboga ya saga iliyolala kwenye maziwa, ndizi za kuchemsha, na maziwa ya mgando yaliyonifanya nisahau aibu yangu.

Hema halikulaliwa. Mama Kerubo alisema mgeni wa makambi halali nje kama mbwa, akatupa kitanda chake mwenyewe na mablanketi mazito. Kwamboka alinuna. "Nimetoka Nyanchwa yote hiyo kuja kulala kwa kitanda?" alininong'oneza. Nami niseme ukweli: nilifurahi kupita kiasi. Nililala kama gogo. Niliona tumeahirishiwa hukumu.

Juu ya lori la chai

Asubuhi bodaboda zilitusogeza upande wa Nyamira hadi kwenye kituo kimoja cha kupimia chai, na hapo tukangoja lori ambalo lingetupandisha milimani. Lori lenyewe lilikuwepo. Dereva pia alikuwepo. Asiyekuwepo ni karani wa kupima, aliyekuwa amekwenda kunywa chai, na wakulima walikuwa wamepanga magunia yao wakimsema vibaya kwa zamu.

Dereva alikuwa Mkipsigis mcheshi, akatukaribisha kwenye kivuli cha lori na kutugawia maharagwe na chapati. Mama akapiga simu. Kwamboka akapokea. "Baba, tuko salama. Baba, nimekula. Ndiyo baba, nimevaa soksi." Akakata. Baada ya muda mfupi simu ikalia tena, na tena baba, baba, baba.

Dereva akatikisa kichwa. "Huyu mzee wenu anawapenda sana. Babangu mimi hajawahi kuuliza soksi."

Ikabidi tumweleze kwamba Mkisii akisema baba anamwita mama yake, na baba yake anamwita tata. Dereva alifikiri sana. "Kwa hivyo," akasema, "ile siku jirani yangu Mkisii aliniambia baba amejifungua..." Hakuimalizia. Alicheka peke yake njia nzima.

Karani alirudi akiwa ameshiba. Tulipopanda juu ya lori, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya vilima vya Kiabonyoru, meusi, na upepo ulikuwa na harufu ya maji. Nilimtazama Kwamboka. Alikuwa anatabasamu.

Kiabonyoru: mvua ya mawe

Juu kule alitupokea Mzee Nyakundi, rafiki wa binamu yetu, ambaye shamba lake la chai linapakana na kilima. Yeye na mkewe walituonyesha sehemu tambarare nyuma ya mikaratusi, mahali upepo unapovunjika nguvu. Baridi ya pale si ya mchezo. Inaingia kwenye mikono ya sweta bila kubisha hodi.

Tulikuwa tunapigilia vigingi mbingu zilipofunguka. Kwanza matone, halafu mawe. Mvua ya mawe iliyopiga chai ya Mzee Nyakundi hadi majani yakaruka. Tulikimbilia kwenye baraza yake tukiwa tumeshika tulichoweza kushika. Kwamboka alishika ndoo. Mimi nilishika hema. Mifuko ya kulalia ikabaki kwenye nyasi.

Mvua ilipokatika ardhi ilikuwa nyeupe. Mfuko mmoja ulikuwa umelala chini ya mwingine, ukanusurika. Ule wa juu ulikuwa unachuruzika. Kwamboka alifungua kifuniko cha ndoo, akazitoa zile bitana za maua, kavu kama zilivyotoka kwa Bi Zuhura. Alinitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Basi," nikasema. "Tumejaribu. Tunalala ndani kwa mzee."

"Mimi silali ndani."

"Kwamboka, mfuko mmoja umelowa!"

"Na mmoja haujalowa. Na nguo zangu hazijalowa."

"Mama aliniambia nikurudishe mzima."

"Mama alikuambia wewe. Mimi hakuniuliza mtu." Akabamiza kifuniko kwenye ndoo. "Dada, kila mtu anaulizwa kuhusu mimi. Daktari anaulizwa, mama anaulizwa, wewe unaulizwa. Mimi naambiwa nivae soksi."

Nilikasirika, kisha nikaona aibu, kisha nikaogopa tena, yote kwa pumzi moja. Shida kubwa ya Kwamboka ni kwamba anaficha maumivu. Atakuambia yuko sawa huku amekunja uso kama aliyeuma ndimu. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia nikisikia "niko sawa" hata mara moja sitaamini.

"Basi sitasema niko sawa," akajibu. "Tukishaingia ndani ya hema sitasema kitu. Nikianza kuumwa nitakuita kwa jina lako. Nikiita, tunainuka papo hapo, bila ubishi. Usiposikia jina lako, ujue sina maumivu."

Nilikubali. Bado sijui kama nilikubali kwa sababu ilikuwa haki au kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Mke wa Mzee Nyakundi hakutuelewa hata kidogo, lakini alituchemshia maji. Tulifuta sakafu ya hema, tukatandaza magunia makavu ya chai na juu yake turubai. Kwamboka alikula ugali moto na kuku wa kienyeji akashiba, akanywa maji yake, akabadili soksi. Nikaingiza bitana moja ndani ya nyingine, zote mbili ndani ya ule mfuko mkavu, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo ikaenda chini miguuni. Kwamboka akajitumbukiza humo akiwa na kofia ya sufu, hadi pua peke yake ikabaki nje, imezungukwa na maua ya waridi. Bi Zuhura angefurahi. Mimi nilijiviringisha blanketi la kuazima lililonuka moshi, nikakaa nikisikiliza.

Sitawasimulia usiku. Hakukuwa na cha kusimulia, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu. Meno yangu yaligongana. Niliomba, nikamsema karani wa chai, nikaomba tena. Jina langu halikuitwa.

Jina langu

Kulipoanza kupambazuka nilikuwa nimesinzia hatimaye. Ndipo nikasikia.

"Moraa!"

Niliruka nikagonga nguzo ya hema, hema likatuangukia. Nilikuwa natambaa chini ya turubai nikimtafuta kwa mikono. "Wapi? Kiuno? Magoti? Mikono? Ngoja nimwite mzee, usiogope, ngoja..."

"Moraa, joto!"

"Nini?"

"Joto! Nafa na joto humu ndani. Nimejikunja kwa haya maua ya Bi Zuhura, mkono siutoi, zipu siioni. Nifungulie!"

Nilifungua zipu. Mvuke ulitoka. Niliingiza mkono hadi chini nikashika miguu yake, ile miguu ambayo tangu utoto ilikuwa ya kwanza kupoa, na ilikuwa na moto kama mkate uliotolewa jikoni sasa hivi. Nilishika magoti. Nilishika viwiko. Alikuwa ananitazama tu, nywele zimemganda usoni kwa jasho.

"Huumwi?"

"Siumwi."

"Sasa kwa nini umeita jina langu?"

"Nilikuwa nimesahau," akasema.

Nililia. Nililia kwa sauti, chini ya hema lililoanguka, nikiwa na blanketi la watu na kamasi. Mzee Nyakundi alikuja mbio akifikiri kuna msiba, akainua turubai, akakuta mmoja analia na mwingine anacheka. "Mmelala salama?" akauliza kwa mashaka. Kwamboka alitoka kwenye maua yake, akajifunga koti, akasimama kwenye ule ubaridi wa asubuhi akitazama ukungu ukiinuka juu ya chai. Alisimama hivyo kwa muda, mikono mifukoni. Sikumwambia arudi ndani. Ilinigharimu, lakini sikumwambia.

Nyumbani

Kurudi hakukuwa na vituko. Tulipata gari la mtu aliyekuwa akipeleka kabichi Kisii, na mchana tulikuwa tunapanda kilima cha Nyanchwa. Mama alikuwa amesimama barabarani. Jirani alituambia baadaye kwamba alianza kusimama pale tangu asubuhi, na kwamba siku zote hizo taa yake haikuzimwa.

Hakutukumbatia. Alimwangalia Kwamboka anavyotembea, mguu kwa mguu, kama mtu anayekagua ng'ombe kabla ya kumnunua. Kisha akasema ndizi zinapoa.

Tulikula. Mama akakaa kwenye kochi, akainua miguu ya Kwamboka akaiweka mapajani pake, akataka aambiwe kila kitu, asifichwe. Basi nikaanza. Nikamsimulia Bi Zuhura na sanda, akatabasamu. Nikamsimulia makambi yetu yasiyo na mhubiri, akasema yule Mama Kerubo ni mtu wa maana. Nikafika kwenye mvua ya mawe, mahali nilipopanga kumtisha kidogo, nikatazama kama anatishika.

Alikuwa amelala. Mchana kweupe, mdomo wazi, kichwa kimeegemea ukuta, mikono yake miwili bado imeshika miguu ya Kwamboka. Mama yetu, ambaye sijawahi kumwona akifumba macho jua likiwa nje.

Nilinyamaza. Mama akajitikisa kidogo, kope zikacheza.

"Usinyamaze," Kwamboka akaninong'oneza bila kusogeza miguu. "Ukinyamaza ataamka."

Kwa hiyo nikaendelea. Nikasimulia mvua ya mawe yote, na ndoo, na ugomvi wetu, na bitana, kwa sauti ile ile ya chini. Nilipomaliza nikaanza tena mwanzo.